Kinanda na Ukungu wa Newala

Alhamisi, 1 Shaabani

Asubuhi kama kawaida. Kuni, maji, uji mwembamba wa mtama. Wateja wawili, wote walileta nta kubadilisha na chumvi. Nta nzuri, haina nyuki waliokufa ndani. Mmoja akaulizia kaniki. Kaniki sina. Nani anayo siku hizi.

Mchana nikateremsha gunia la kinanda kutoka darini. Vipande vyake sikuvigusa tangu mwaka jana, siku habari za vita zilipofika Masasi na sisi tukakimbilia Newala kwa watu wa mke wangu. Kinanda kizima kingevunjika njiani. Nilikitengua mwenyewe: shingo mbali, tumbo mbali, vigingi ndani ya kitambaa, vyote nikavizika kwenye gunia la mtama. Mtama tuliula wote. Kinanda kikabaki guniani, nami niliporudi Masasi peke yangu kutengeneza nyumba nikakipandisha darini.

Leo kimetoka kizima. Tumbo halina ufa. Ngozi iliyowambwa juu yake haina tundu. Panya hawakuonja. Alhamdulillahi.

Nakiunga tena kwa sababu moja. Mke wangu bado yuko Newala. Amejifungua huko mwezi uliopita, mtoto wa kike, wa kwanza baada ya miaka ya kungoja mpaka watu wakaacha kutuuliza. Tumemwita Somoe. Nimemwona mara moja tu. Arobaini yake ni tarehe ishirini na mbili. Mjomba wa mke wangu, mzee Nangumbi, ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake, ndivyo ilivyo kwao. Nilipokwenda kumwomba nirudi na familia, alisema hivi: "Huko kwenu kukitulia nitajua. Njoo na kinanda chako siku ya arobaini, nikusikie. Mwenye hofu hawezi kukaa akapiga kinanda."

Nikipiga, nateremka na mke na mtoto. Nisipopiga, wanabaki juu kule mlimani mpaka mavuno. Mavuno ni mbali. Hata mvua ya kupandia haijanyesha.

Jumamosi, 3 Shaabani

Nimechemsha gundi ya kwato. Nyumba nzima inanuka. Nimeunga shingo na tumbo, nikafunga kamba, nikaacha pakauke.

Vigingi ni vinne na matundu manne. Nilidhani kigingi ni kigingi. Kumbe kila kimoja kina tundu lake, na mimi siku ile ya kukimbia sikuweka alama. Nimejaribu hiki hapa, kile pale, hiki kinacheza, kile hakiingii. Hatimaye vimekaa vitatu. Cha nne kinateleza. Nimekipaka majivu.

Nyuzi za utumbo wa mbuzi, tatu nzima. Mmoja ulikauka ukakatika mkononi. Nimesokota mwingine.

Jumapili, 4 Shaabani

Kigingi chenye majivu kimefyatuka, kikanipiga kwenye paji la uso. Nimetukana. Kisha nikacheka peke yangu. Kucheka peke yako ndani ya nyumba si jambo zuri.

Jumanne, 6 Shaabani

Nyuzi zote nne juu. Kinakoroma.

Hakiimbi, kinakoroma. Uzi mwembamba unalia kama nzi aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Nikafikiri kosa ni kile kijiti kinachosimama juu ya ngozi kubeba nyuzi. Labda ni kifupi. Nikachonga kingine cha mpingo, kirefu zaidi. Kukoroma kukaisha. Lakini nyuzi zikakaa juu mno, lazima nizikandamize mpaka vidole viume. Na nikikandamiza, sauti inapanda kuliko ninavyotaka. Wimbo unatoka umepinda.

Nikarudisha kijiti kifupi. Kukoroma kukarudi.

Jumatano, 7 Shaabani

Leo sikukigusa. Ningekivunja. Nimeezeka upande wa jiko.

Alhamisi, 8 Shaabani

Nimepata kosa. Ni langu.

Nilichukua uzi wa kushonea, nikauvuta kutoka ncha ya shingo mpaka kwenye kijiti, nikafumba jicho moja. Shingo imelala upande. Ile kamba niliyofunga wakati gundi inakauka ndiyo iliyoivuta. Kwa hiyo nyuzi mbili zinagusa mti na mbili zinaning'inia. Ningechonga vijiti mpaka Ramadhani, nisingefika popote.

Ikabidi kuitoa tena. Kitambaa cha maji moto na kisu butu, pole pole, huku nimeifunika ngozi isipate mvuke. Nimetumia nusu ya siku. Nilikuwa naomba dua kwa sauti, jirani akidhani naumwa. Shingo ikatoka bila kupasuka. Nimeiunga upya, uzi ukiwa umevutwa muda wote, kamba pande zote mbili.

Nashukuru sikukigusa jana.

Jumatatu, 12 Shaabani

Kimelia.

Safi, nyuzi zote nne, chini mpaka juu. Vidole vimekuwa vizito lakini vinakumbuka. Nilikaa barazani nikapiga wimbo mmoja, nikaogopa kupiga wa pili nisije nikauharibu. Nilipoinua uso, Mama Hadija wa nyumba ya pili alikuwa amesimama na mchi wake.

"Baba Somoe," akasema, "mimi nilijua hii sauti imekwenda na vita."

Bado sijalizoea jina hilo. Watu huniita mara mbili ndipo nigeuke. Wakaja wengine, wakakaa chini. Mmoja alileta ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini, na ming'oko siku hizi mtu haigawi ovyo, wengi hawana chakula kingine. Tukala mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja vita. Mwaka jana kama leo sikujua kama nitamwona mtu yeyote kati ya hawa. Nimepiga wa pili, na wa tatu.

Jumapili, 18 Shaabani

Chiungutwa. Ni njiani kwenda Newala, nalala kwa mtu tunayebadilishana naye chumvi. Nimekuja na mbuzi wa akika ya Somoe, atachinjwa siku ya arobaini. Njiani nguzo za nyumba zilizoungua bado zimesimama mashambani, nyeusi. Watu wanachimba ming'oko porini. Wamekonda lakini wanasalimia.

Askari wa Mdachi walinikuta njiani, wakataka kujua nilichobeba mgongoni. Nikafungua nguo niliyokifungia kinanda. Nilikuwa na hofu, sikuficha. Mmoja akagusa uzi kwa kidole, ukalia. Akacheka, wakaenda zao. Nikakifunga tena, nikaendelea.

Jioni mwenyeji akaomba nipige. Bado kipo sawa, hakijayumba hata kidogo. Mbuzi amekula ukingo wa kikapu cha mwenyeji.

Jumanne, 20 Shaabani

Nimefika. Mbuzi alikataa kupanda mlima, nimembeba nusu ya njia, na kinanda mgongoni. Nimefika nanuka beberu.

Somoe amenishika kidole gumba. Hakukiachia. Mama Somoe amepungua mwili, lakini uso wake umetulia. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, nikasema tu kwamba jiko nimeliezeka.

Mjomba Nangumbi nimemkuta palepale nilipomwacha, kwenye kigoda pale njia inapotokea bondeni, mkuki magotini, macho chini kuelekea Masasi. Wanasema hukaa hapo kutwa, na usingizi wake ni wa vipande vipande.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho."

Akamtazama mbuzi. Kinanda hakukitazama.

Jioni ukungu ukapanda kutoka bondeni, baridi ikaingia. Nikakitoa kinanda kwenye nguo nimwonyeshe Mama Somoe. Nikapitisha unyoya wa kupigia juu ya nyuzi.

Kimekufa. Nyuzi zote nne zinakoroma. Zimelala juu ya mti.

Jumatano, 21 Shaabani

Nimeanza mwanzo. Vigingi vimeshika. Shingo nimeipima kwa uzi, imenyooka. Kijiti ni kilekile. Basi nikabonyeza ngozi. Laini kama shavu la Somoe.

Hapo nikaelewa. Masasi ni jua na mawe, ngozi ilikuwa imekaza, nami nikalinganisha kila kitu juu ya ngozi iliyokaza. Hapa ukungu umeilegeza. Kijiti kimezama nayo, na nyuzi zimezama na kijiti. Nimeishi hapa miezi na miezi, nimelala na nguo zenye unyevu, na wazo hilo halikunijia kabisa. Nilikitengeneza nyumbani kwa ajili ya nyumbani.

Nikachomeka kipande cha ubua wa mtama chini ya kijiti. Afadhali kidogo. Nikakiacha barazani, nikateremka bondeni na wanawake kuchota maji, maana Mama Somoe hatoki bado na mtungi wake haujijazi wenyewe. Maji hapa ni safari.

Niliporudi, shemeji yangu Mchopa alikuwa amesimama uani, mikono mgongoni. Mchopa ni kaka wa mke wangu, mpiga ngoma, mtu mwema mpaka anachosha. Aliona ngozi imelegea. Akafanya afanyavyo kwa kila ngoma iliyolegea: akawasha nyasi, akaielekeza ngozi motoni. Ngozi za ngoma zao ni nene, moto huzikaza tu zikaanza kulia vizuri. Yangu ni ya mwanambuzi, imeparwa ikawa nyembamba.

Imepasuka ukingo mpaka ukingo.

"Shemeji," akasema, "nilitaka ukirudi ukikute kiko tayari."

Mtu aliyeoa hapa hapazi sauti uani kwa wakwe. Hata mbwa hamkaripii. Ningepaza leo, Mjomba asingehitaji kinanda kuamua neno lake. Watu walikuwa wananitazama.

"Asante, shemeji," nikasema. "Umefanya vyema kunikumbuka."

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikaingiza mkono wa kanzu mdomoni na kuuma. Nimelia. Mtu mzima nalia kwa ngozi ya mbuzi. Hapana. Nalia kwa sababu mavuno ni mbali.

Alhamisi, 22 Shaabani

Arobaini ya Somoe. Ameogeshwa, ametolewa nje, ameonyeshwa jua, akapiga chafya. Mbuzi amechinjwa. Mwalimu wa Kurani amesoma dua, sauti yake nzuri. Watu wamekula, na kwa mwaka kama huu kuona watu wanakula nyama na kulamba vidole ni neema tosha.

Mchopa hakula. Alipoona ngozi ya mbuzi imetundikwa akanitazama. Nami nilikuwa nimeshaitazama. Lakini ngozi ya akika hutolewa sadaka, hairudi kwa baba wa mtoto. Nikamwuliza mwalimu. Akafikiri, akijichokonoa meno.

"Mpe Mchopa sadaka," akasema. "Sadaka ikishatoka, mwenyewe atajua afanye nini nayo."

Nikampa. Mchopa akaketi nayo hapohapo. Akanyoa manyoya kwa majivu na kisu, nami nikamwonyesha inavyoparwa mpaka ipitishe mwanga. Kisha akaiwamba juu ya tumbo la kinanda kwa namna yao ya ngoma: hakutumia gundi hata tone. Alivuta kwa meno na kupigilia vijiti vidogo kuzunguka ukingo. Kila alipopigilia kimoja nilifumba macho, nikingoja mti upasuke. Haukupasuka.

Lakini ngozi mbichi hailii. Ikabidi nimwendee Mjomba, watu wote wapo.

"Mjomba, leo hakitalia."

Alikuwa anatafuna. Akaendelea kutafuna. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mama Somoe ameniambia tusubiri. Sijui tunasubiri nini. Tarehe aliyoitaja imepita, na kauli ni yake.

Jumamosi, 24 Shaabani

Kinanda kiko kivulini chini ya paa. Kinakauka taratibu. Ukungu kila asubuhi.

Mchopa ameacha shamba lake. Anakigeuza kila saa kama mtu anayechoma muhogo. Nilidhani nitamchukia. Siwezi. Hawa watu walitupokea usiku bila kuuliza tutakula nini, na walikuwa hawana. Mchopa alitoa chumba chake, akalala jikoni mpaka masika. Leo nimemwambia nashukuru, na safari hii nilikuwa na maana hiyo.

Mjomba amepita mara mbili. Anagusa ngozi kwa kidole, anaenda kwenye kigoda chake.

Jumatatu, 26 Shaabani

Asubuhi nimefunga nyuzi. Ngozi imewambwa hapahapa, ndani ya ukungu huuhuu, basi haiushangai. Kijiti nimekipunguza kidogo tu. Hakuna uzi unaogusa mti. Sauti si ile ya zamani. Ni nzito, ina kikohozi kwa mbali. Lakini ni ya kweli kutoka chini mpaka juu.

Baada ya sala ya alasiri sikungoja kuitwa. Nikaenda kule njia inapotokea, nikakaa chini kando ya kigoda cha Mjomba. Mama Somoe akaja na mtoto. Mchopa akachuchumaa nyuma yetu, uso wa mtu anayesubiri hukumu. Nikapiga.

Mjomba hakugeuka. Macho chini, njiani, mkuki magotini. Wimbo wa kwanza nilipiga vibaya, vidole vilikuwa na woga. Wa pili ukatoka vizuri. Katikati ya wa tatu nikasikia kinanda kinakoroma tena. Nikasikiliza. Si kinanda.

Ni Mjomba. Amelala. Kidevu kifuani, mdomo wazi. Mkuki ukaanza kuteleza magotini, Mchopa akaudaka kabla haujaanguka.

Nikataka kuacha. Mama Somoe akanishika bega.

"Usiache, Baba Somoe. Tangu tuje hapa sijamwona amelala hivi. Endelea."

Nimeendelea. Nimepiga nyimbo zote ninazozijua, kisha nikazirudia. Kidole kimechanika, nikatumia kingine. Mwezi mzima nimekuwa nikinung'unika moyoni kwamba mzee huyu ni mkaidi, ananinyima mke wangu kwa kinanda. Hakuwa ananinyima. Alikuwa anaogopa. Mwaka mzima amekaa pale ili sisi wengine tulale, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza nani atamlinda yeye. Nimeona aibu, na nimempenda.

Ukungu ulipogusa miguu yake akaamka. Akajipangusa mdomo. Akatafuta mkuki magotini, hakuuona, akamwona Mchopa ameushika.

"Mbona umeacha?" akaniuliza.

Sikuwa nimeacha. Nikasema samahani, Mjomba, nikaendelea mpaka mwisho wa wimbo.

"Kesho kutwa mteremke," akasema. "Mapema, jua lisimpate mtoto." Kisha akamgeukia Mchopa. "Huo upeleke ndani."

Mchopa akaupeleka. Mjomba akabaki kwenye kigoda, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mama Somoe akampa mtoto ampakate.

Jumatano, 28 Shaabani

Tunashuka. Mjomba ametusindikiza mpaka chini kabisa, amebeba mkeka wetu. Hajawahi kufika chini tangu vita. Mchopa amenipa vijiti vya akiba vya kupigilia ngozi, fungu zima. Hayatoshi maneno. Nimewashukuru mpaka wakaniambia niende.

Jumamosi, 2 Ramadhani

Nyumbani. Tuliuona mwezi tukiwa Chiungutwa.

Mama Somoe amekagua jiko, amesema paa linavuja upande mmoja. Nimesema ndiyo. Mama Hadija amekuja kumwona mtoto, amekaa naye mapajani muda mrefu. Nimekaa nje nikawaacha.

Kinanda nimekifungua mchana. Ngozi imekaza na joto la huku, imekuwa ngumu kama ubao, kijiti kimeinuka, nyuzi ziko juu mno na sauti zote zimepanda. Hakuna hata uzi mmoja ulio mahali pake. Itabidi kuchonga kijiti kingine, na kulinganisha upya kila kitu, labda kwa mwezi mzima. Nimezilegeza nyuzi, nimekitundika ukutani. Sina haraka. Hakuna mtu anayesubiri kukisikia ndipo arudi kwake.

Jua linazama. Somoe analia. Naenda kumchukua, mama yake amalize futari.